Eti ultrasaundi inaunguza uvimbe bila kisu: ni kweli au wakala ananipiga?

#1 Bint_Kino
Habari zenu wakuu. Nina miaka 34, sijazaa bado. Nimekutwa na faibroidi mbili, yaani uvimbe wa kwenye kizazi, kubwa ina sentimita 8. Daktari kasema upasuaji, nikaomba muda nifikirie. Kazini dada mmoja kanipa namba ya wakala anayepeleka wagonjwa China. Anasema huko hawapasui: unalala kitandani, wanakupiga ultrasaundi ya tumbo, uvimbe unaungua humo humo ndani, kesho yake unazunguka madukani. Bei aliyonitajia ni kiwanja kizima cha Chanika, na hati yake.

Nauliza mawili. Ultrasaundi si ndo ile ile ya kumwangalia mtoto tumboni? Ingekuwa inaunguza, wajawazito si wangeshaisha? Na kama ni kweli, mbona hapa kwetu hakuna daktari hata mmoja aliyenitajia?

#2 Mgosi_wa_Soni
Unapigwa. Ultrasaundi inaonyesha, haitibu. Nunua kiwanja.

#3 Kitasa
Mgosi kalale. Ipo kitambo, Waisraeli waliivumbua 2004. Inaunguza kwa mionzi.

#4 FundiRedio
Kitasa umekosea mara mbili kwenye mstari mmoja. Mwaka nawaachia wengine, mimi nashika hilo la mionzi. Ultrasaundi ni sauti. Sauti tu, ila nyembamba kiasi kwamba sikio halisikii. Haina uhusiano na eksirei wala mionzi ya kutibu saratani.

Sasa swali la dada. Kwenye kipimo cha mjamzito sauti ni dhaifu na imetawanyika, inaenda, inagonga, inarudi na picha. Hii ya tiba inarushwa kutoka pande nyingi, yote ikilengwa sehemu moja. Chukulia mchango wa harusi. Kila mwanakikundi anatoa kidogo, hakuna anayeumia, ila bwana harusi anapokea mzigo wote. Kichwa cha mashine moja ya kutibu faibroidi kina vipande 208 vinavyopiga kwa pamoja, na ile ya ubongo ina 1,024. Ngozi inapitiwa na senti senti. Pale zinapokutana joto linapanda haraka, likivuka nyuzi 56 au zaidi kwa sekunde moja tu nyama ya hapo imekufa. Na hapo panapokufa ni padogo, kama punje ya mchele. Unapiga punje, unasogea, unapiga nyingine.

#5 Kijiwe_Nongwa
Huo mchango kamati haili njiani?

#6 FundiRedio
Inakula! Kamati ni mifupa na hewa. Mfupa unafyonza sauti na kupata moto wenyewe. Hewa ya utumbo inairudisha ilikotoka, inaishia kuunguza pasipotakiwa. Ndiyo maana uvimbe uliojificha nyuma ya utumbo au mbavu ni shughuli.

#7 Kamusi_Hai
Nashika la mwaka. 2004 ni mwaka ambao FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliidhinisha mashine ya kampuni ya Insightec ya Israel kwa ajili ya faibroidi, ile inayoongozwa na MRI, mtambo wa kupiga picha kwa sumaku. Kuidhinishwa siyo kuvumbuliwa. Ndugu wawili, William na Francis Fry wa Chuo Kikuu cha Illinois, walikuwa wanaunguza vidoa ndani ya ubongo miaka ya 1950, wakafika hadi kwa wagonjwa wa kutetemeka. Tatizo lao lilikuwa fuvu. Ilibidi kwanza walifungue ndipo sauti ipite, sasa hapo faida ya kutopasua iko wapi? Kabla yao, 1942, Lynn na wenzake kule New York walishajaribu kuilenga sauti ichome ndani bila kugusa juu.

#8 Mgosi_wa_Soni
Kumbe babu zetu walikuwepo. Nafuta kauli nusu.

#9 Baharia_Mstaafu
Rudini nyuma zaidi. Vita ya kwanza ya dunia Mfaransa Langevin alikuwa anatafuta nyambizi kwa sauti hizi. Samaki waliopita mbele ya mtambo walikuwa wanakufa, na ukitia mkono kwenye lile tangi unauma. Kwa hiyo mwenye haki ni yeye.

#10 Kamusi_Hai
Langevin aliona, hakufuatilia. Waliofuatilia ni Wood na Loomis, 1927, waliwapiga samaki na vyura kwa makusudi waone inakuwaje. Huyo Loomis alikuwa tajiri wa Wall Street mwenye maabara yake binafsi. Ila ukisema mvumbuzi ni nani, mimi ningesema Fry, maana ndio walioifanya kuwa tiba.

#11 Baharia_Mstaafu
Aliyeona moshi kwanza ndiye aliyegundua moto. Sibadiliki.

#12 Chongqing_Mpaka_Kwetu
Nimesoma udaktari Chongqing, kwa hiyo dada Bint mimi nimeiona kwa macho. Mji ule ndio nyumbani kwa mashine za Kichina, timu ya Profesa Wang Zhibiao walianza kutibu watu mwishoni mwa miaka ya 1990. Tofauti na za Israel ni kwamba hizi zinaongozwa na ultrasaundi yenyewe: moja inaangalia, nyingine inachoma, zote kwenye kichwa kimoja.

Nilichokiona: mgonjwa anaandaliwa kabla, chakula laini, tumbo linasafishwa mpaka utumbo uwe mtupu. Siku yenyewe nywele za chini ya kitovu zinanyolewa, ngozi inafutwa mafuta kwa kemikali, tena na tena, hata kijitone cha hewa kisibaki. Halafu analala kifudifudi, tumbo ndani ya maji. Maji hayo yametolewa hewa kwa mashine. Kati ya tumbo na mtambo wanaweka puto la maji la kusukuma utumbo pembeni. Mpira wa mkojo unawekwa ili kibofu wakijaze au wakipunguze wapendavyo. Hapewi usingizi mzito, anapewa dawa ya maumivu na ya kutuliza, ila lazima awe anajibu.

Na hapo ndipo penyewe. Yule mama niliyemwona, kila daktari akipiga nesi anamuuliza: panauma wapi? Tumboni kama hedhi, endelea. Akasema mguu wa kushoto umepigwa shoti mpaka kidoleni. Daktari akatoa mguu kwenye pedali palepale. Nyuma ya kizazi kuna mishipa ya fahamu ya miguu, joto likiifikia umemwachia mtu kilema. Wakasogeza kidogo, wakasubiri, wakaendelea. Kwenye kioo ukiangalia uvimbe ulikuwa kijivu, halafu kinatokea kiweupe kidogo, kinatanuka. Hicho kiweupe ndicho walichokuwa wanakitafuta. Asubuhi nzima iliisha kwa uvimbe mmoja.

Sikuona mtu anazunguka madukani kesho yake, ila kesho kutwa ndiyo.

#13 Kijiwe_Nongwa
"Daktari akatoa mguu kwenye pedali" kumbe ni cherehani.

#14 Nesi_Bi_Mkubwa
Mwanangu Bint, mimi nimefanya kazi wodi ya wanawake miaka mingi na mwenyewe nilipasuliwa faibroidi mwaka 1999, zilitoka 11. Nikazaa mmoja baadaye, kwa kisu tena. Usiogope upasuaji kama wanavyokutisha.

Nina swali kwa huyu daktari wa Chongqing. Mimi tumbo langu lina kovu la kitovu mpaka chini. Ningefaa?

#15 Chongqing_Mpaka_Kwetu
Shikamoo Bi Mkubwa. Kovu nene linafyonza sauti na halina hisia nzuri, ngozi inaweza kuungua na usijue. Kuna wanaokataliwa kwa sababu hiyo tu, kuna wanaofanyiwa kwa kuinamisha mtambo upande. Kovu jembamba la chini ya bikini halisumbui sana. La kitovu mpaka chini, wengi watakuambia hapana.

#16 Nesi_Bi_Mkubwa
Marahaba. Basi nilishachelewa.

#17 Dawa_za_Babu_Original
FAIBROIDI INAYEYUKA KWA SIKU 21 bila kisu bila China. Mizizi mitatu tu, nicheki inbox.

#18 Kijiwe_Nongwa
Babu, mzizi wako una vipande vingapi, 208 au 1,024?

#19 Shanga_za_Lamu
Hujambo dada. Mie dadangu hakupasuliwa wala hakuchomwa, walimziba mishipa Nairobi. Wanapitisha kijibomba kwenye mshipa wa paja hadi kwenye mishipa ya kizazi, wanamwaga vichembe, uvimbe unakosa damu unasinyaa. Usiku ule wa kwanza aliumwa haswa, usidanganywe kwamba si kitu. Lakini mwaka wa tatu huu, damu imekuwa ya kawaida. Mbona hilo hamlitaji?

#20 Kamusi_Hai
Umeleta la maana. Marekani walizilinganisha hizi mbili, kuziba mishipa na kuchoma kwa MRI, uchunguzi unaitwa FIRSTT. Ndani ya miaka mitatu waliochomwa waliorudi kutibiwa tena walikuwa asilimia 30, waliozibwa asilimia 13. Kundi lilikuwa dogo, lakini mawakala hawatakuonyesha hiyo karatasi.

#21 Chongqing_Mpaka_Kwetu
Karatasi nzuri ila ya mashine za zamani, na mwanzoni walikuwa wanaruhusiwa kuchoma sehemu tu ya uvimbe. Ukiacha nusu inakua tena, hilo halihitaji uchunguzi.

#22 Kamusi_Hai
Kila mwenye mashine mpya husema hivyo. Tusubiri namba za hiyo mpya.

#23 Bint_Kino
Asanteni jamani, nasoma yote. Mimi shida yangu kubwa ni mtoto. Ikichomwa naweza kubeba?

#24 Kamusi_Hai
Wengine wamebeba. 2010 ilichapishwa ripoti ya mimba 54 za wanawake 51 waliochomwa kwa MRI, wengi waliozaa walizaa kwa njia ya kawaida. Ila zilitoka pia mimba kadhaa, kama zinavyotoka kwa wenye faibroidi. Na kumbuka FDA mwanzoni haikuiruhusu kabisa kwa wanaotaka kuzaa, walilegeza baadaye. Usiichukue kama hati ya kiwanja.

#25 Mzee_wa_Leicester
Wanaume mmejificha nyuma ya dada zenu. Mimi nina miaka 67, niko Uingereza, nilikutwa na saratani ya tezi dume, upande mmoja tu. Nilipewa uchaguzi, nikachagua ultrasaundi. Nililazwa usingizi, kifaa kikaingia njia ya nyuma, kikachoma ile sehemu. Jioni nikarudi nyumbani na mpira wa mkojo kwa wiki moja. Wiki hiyo sitaki kuizungumzia.

Mambo ya chumbani yapo, kwa msaada kidogo. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, napima kila baada ya miezi, na MRI wanarudia, maana wamechoma kidoa, tezi yenyewe bado ipo. Saratani ikiota upande wa pili tunaanza moja.

#26 Mgosi_wa_Soni
Mzee ulipofika "njia ya nyuma" nusu ya wasomaji wamefunga simu.

#27 Mzee_wa_Leicester
Ndiyo hao hao wanaokuja hospitali mkojo umeshaziba. Endeleeni kufunga simu.

#28 Kitasa
Sasa mashemeji, baba yangu mdogo ana uvimbe wa ini, homa ya ini B iligundulika amechelewa. Nimesoma kuna ya kuvunja uvimbe bila hata joto. Kweli au ni kama ile ya kusaga mawe ya figo?

#29 FundiRedio
Ni binamu yao. Mawe ya figo yalianza kusagwa Munich 1980, kwa mtambo wa Dornier, kampuni ya ndege. Hii mpya jina lake limeazimwa kwenye hiyo ya mawe, lithotripsi: inaitwa histotripsi, ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Michigan. Badala ya kupasha joto, inapiga vipigo vifupi sana vikali sana, ndani ya nyama vinatokea vipovu na kupasuka, seli zinakuwa uji. Mishipa mikubwa ya damu na mirija ya nyongo ina nyuzi ngumu, mara nyingi inasalimika. FDA imeiruhusu kwa ini Oktoba 2023.

#30 Kamusi_Hai
Naongezea ili ndugu yetu asiuze ng'ombe. Uchunguzi uliotumika kuiruhusu ulikuwa na watu 44, uvimbe usiozidi sentimita 3. Kupiga ilipolengwa walifaulu karibu mara zote, asilimia 95, matatizo makubwa yalitokea kwa watatu. Lakini kupiga uvimbe na kurefusha maisha ni maswali mawili. Baba mdogo uvimbe wake una ukubwa gani?

#31 Kitasa
Sentimita 11. Na ni zaidi ya mmoja.

#32 Kamusi_Hai
Pole sana ndugu yangu. Muone daktari wa saratani kwanza, muulize na habari ya maumivu. Kwa saratani iliyofika kwenye mfupa hata hii ya joto hutumika kupunguza maumivu tu, haiponyi, na FDA iliikubali hivyo 2012.

#33 Nesi_Bi_Mkubwa
Pole Kitasa. Na nyie wengine kwenye familia mkapime hiyo B, chanjo ipo.

#34 Mgosi_wa_Soni
Turudi kwenye swali la pili la dada ambalo mmelikwepa. Mbona kwetu haisemwi? Jibu langu fupi: daktari wa upasuaji anakula kwa kupasua.

#35 Chongqing_Mpaka_Kwetu
Si haki hiyo. Daktari wa serikali mshahara wake ni ule ule apasue asipasue. Jibu langu: wagonjwa. Wanakuja kizazi kimefika kitovuni, faibroidi 15. Mashine inachoma punje za mchele, hapo utachoma mpaka Krismasi.

#36 FundiRedio
Mimi nasema ni MRI. Ile ya Israel inakaa ndani ya MRI saa tatu, nne kwa mgonjwa mmoja, maana MRI ndiyo inayopima joto kila sekunde chache na kumwonyesha daktari rangi inavyopanda. Hospitali yenye MRI moja na foleni ya ajali za bodaboda itakubali?

#37 Chongqing_Mpaka_Kwetu
Ya Kichina haihitaji MRI wakati wa kuchoma. Kwa hiyo sababu yako imekufa. Na Lagos wanazo.

#38 FundiRedio
Haijafa. Kumchagua mgonjwa bado unataka MRI. Na kichwa cha mashine kikiharibika fundi anatoka wapi? Nimeona mashine nzuri sana zimefunikwa shuka kwa kukosa kipuri cha laki tano.

#39 Shanga_za_Lamu
Mie nasema bima. Isiyo kwenye orodha ya bima haipo duniani.

#40 Kamusi_Hai
Na mimi natia la tano: hata Marekani kwenyewe haijashamiri tangu 2004, bima zao nazo zilikataa miaka mingi. Huenda si sisi tuliochelewa. Huenda tiba yenyewe inafaa watu wachache kuliko inavyotangazwa.

#41 Chongqing_Mpaka_Kwetu
China si wachache. Nenda ukaone foleni.

#42 Kijiwe_Nongwa
Kwa hiyo kamati imegawanyika na harusi ni Jumamosi.

#43 Chongqing_Mpaka_Kwetu
Dada Bint, kabla hujatoa hata shilingi, fanya MRI ya nyonga hapa hapa. Omba picha ya T2, ni aina mojawapo ya picha za MRI. Faibroidi ikionekana nyeusi kama misuli, ni ngumu, inakubali moto. Ikiwa nyeupe, imejaa maji na damu inapita kwa wingi, joto linachukuliwa kabla halijafanya kazi, matokeo mabaya. Halafu muulize wakala maswali mawili tu: ya kwangu ni nyeusi au nyeupe, na utumbo umekaa mbele yake au haupo? Kama ni hospitali ya kweli, daktari wao atataka hizo picha kabla ya kutaja bei.

#44 Mzee_wa_Leicester
Hapo umesema. Mimi walinikagua miezi miwili kabla ya kunikubali.

#45 Bint_Kino
Nimerudi jamani, wiki tatu. MRI nimefanya. Ripoti inasema ile kubwa ni nyeupe kuliko misuli ya kizazi, na iko nyuma. Ndogo ni nyeusi. Kuna utumbo mbele, "kiasi".

#46 Chongqing_Mpaka_Kwetu
Ndogo ingekubali. Kubwa mimi ningeiogopa. Kuna wanaochoma sindano ya homoni miezi mitatu inywee kwanza, wengine watakuambia isikupotezee muda, pasua. Uliza madaktari wawili wasiojuana.

#47 Nesi_Bi_Mkubwa
Na hiyo ndogo inakaa wapi mwanangu? Ikiwa imeingia ndani ya mji wa mimba ndiyo inayozuia mtoto kuliko hiyo kubwa.

#48 Bint_Kino
Bi Mkubwa hilo hawajaniandikia, nitarudi kuwauliza Jumatatu.

#49 Mgosi_wa_Soni
Na wakala je? Ulimuuliza nyeusi au nyeupe?

#50 Bint_Kino
Nilimuuliza. Nikamtumia na picha zote za MRI. Akakaa siku mbili, akanitumia picha ya hoteli, kitanda kimekunjwa taulo la bata. Nikamwandikia tena, kaka, nyeusi au nyeupe? Akajibu: "Dada usijali, na kifungua kinywa kimo."